Mama Anaita

Kule Cwm Helyg, kijiji cha wachimba makaa katika bonde moja la Wales, mtu akifa walisema ametutoka. Mtu akienda kucheza raga kwa malipo walisema ameenda Kaskazini, na sauti waliyoitumia ilikuwa ile ile.

Idwal Prosser alienda Kaskazini Jumatatu moja ya Septemba, akiwa na miaka ishirini na mbili. Kabla jua halijazama, Beynon Kinyozi alikuwa ameishusha picha ya timu iliyokuwa ukutani dukani kwake, akaitoa kwenye kioo, akachukua wembe na kuukwangua uso wa Idwal.

Hakufanya hivyo kwa chuki. Beynon ndiye aliyekuwa katibu wa klabu, na kanuni ilikuwa kanuni. Aliyepokea pesa kwa ajili ya mpira hakuwa tena mchezaji. Hakuruhusiwa kuingia chumba cha wachezaji wala kuketi kwenye karamu yao, na yeyote aliyecheza naye, hata kwa mzaha, alihesabiwa kuwa naye amepokea. Iliambukiza kama ndui. Kwa hiyo Beynon alikwangua polepole, kwa mkono wa mtu anayemnyoa maiti, akayaacha mabega na magoti, na mpira uliokuwa juu ya mapaja. Kisha akairudisha picha ukutani, kwa sababu wale wengine kumi na wanne hawakuwa na kosa.

Idwal alikuwa ameenda kwa ajili ya mama yake. Baba yake alifukiwa mgodini, na tangu hapo mama alifua nguo za wachimba makaa wa mtaa mzima, mpaka ngozi ya vidole vyake ikapasuka na haikufunga tena. Klabu ya Ravensbeck, huko Yorkshire, kaskazini mwa England, ilimtuma mtu mwenye kofia ngumu kuja kumnunua. Watu wa namna hiyo walikuwa wakitupwa mtoni wakikamatwa, kwa hiyo yule bwana alijifanya fundi wa vinanda, katika nyumba ambayo haijawahi kuwa na kinanda. Aliweka sarafu za dhahabu mezani. Mama hakuzitazama. Idwal hakuzitazama pia; alikuwa anatazama vile vidole.

Emlyn, mdogo wake, alimsindikiza kituoni. Alikuwa na miaka kumi na minane. Misimu miwili mfululizo walikuwa wamecheza pamoja, Idwal akiutoa mpira kwenye skramu, lile rundo la wachezaji wanaosukumana, na Emlyn akiupokea, na watu wa bonde zima walikuwa wakisema wale wawili wanatumia kichwa kimoja kwa zamu.

"Sasa nani atanirushia?" Emlyn aliuliza.

"Yule mtoto wa Rees."

"Mtoto wa Rees anarusha kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo."

"Basi usimame karibu na beseni."

Emlyn alicheka, kisha akaanza kuukwaruza ukuta wa kituo kwa ukucha. Treni ilikuwa imeshaonekana kwenye kona.

"Nisikilize," Idwal alisema. "Ile jezi nyekundu, mimi ndiyo basi tena. Sitaichezea Wales hata nikiota mbawa. Ivae wewe. Ukiivaa wewe, nitakuwa nimeivaa."

"Na wewe je, kaka?"

"Mimi nitasoma gazetini."

Walikuwa na neno lao, hawa ndugu. Lilianzia utotoni, walipokuwa wakichezea kibofu cha nguruwe barabarani mbele ya nyumba. Mlango wa nyumba yao ulikuwa upande wa kushoto, na mama alipotokea kuwaita kula, ilibidi wachepuke kushoto, kwenye upenyo mwembamba kati ya watoto wengine na ukuta wa mawe, mpira mkononi, wasiguswe. Walipokua waliendelea nalo uwanjani. Idwal akiinama nyuma ya skramu akasema, "Mama anaita," Emlyn alijua mpira unakwenda kushoto, upande ule mwembamba karibu na mstari ambako hakuna anayeutazamia. Wapinzani walidhani ni dhihaka. Wengine walijibu, "Mwambie tunamuua mwanawe kwanza." Wakati huo Emlyn alikuwa ameshapita.

*

Ravensbeck ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, wenye mvua ya masizi. Idwal alipata kazi ya kupakia makaa kwenye mikokoteni, na kila Jumamosi alicheza. Pua yake ilivunjika mara mbili, mara ya kwanza kwenda kulia na mara ya pili kurudi kushoto, na Bibi Hepworth, mama mjane aliyempangisha chumba, alisema sasa angalau imenyooka. Watu wa Ravensbeck walimpenda kwa namna yao. Walimzomea wiki mbili za kwanza, wakazoea kumwita Mwelshi, kisha ikawa Mwelshi wetu. Alijifunza Kiingereza chao, ambacho hata Waingereza wa mitaa ya pili hawakukielewa vizuri. Miaka minne ikapita hivyo.

Kila Alhamisi ilikuja barua kutoka kwa Emlyn. Bibi Hepworth aliisimamisha kwenye kikombe mezani, na Idwal hakuvua hata koti kabla ya kuisoma. Emlyn aliandika kama alivyosema. Mtoto wa Rees bado anamwaga maji. Mama anakohoa lakini anakataa kulala. Kuna binti anaitwa Gwenllian, anaimba sauti ya pili kanisani, usimwambie mtu. Nimeitwa kwenye majaribio ya timu ya Wales. Sikuchaguliwa. Mwaka uliofuata: nimeitwa tena, na safari hii mmoja wa wakubwa amenishika bega akaniuliza kama nina viatu vizuri.

Idwal aliirudia hiyo ya viatu mara tano. Siku ya pili alinunua viatu, akavituma kwa posta bila jina la mtumaji, maana hata viatu kutoka kwake vingeweza kuhesabiwa malipo.

Desemba hiyo mama akafa.

Idwal alifika siku moja kabla ya mazishi. Walimzika Jumamosi, na kama ilivyo desturi wanaume peke yao ndio waliopanda naye hadi makaburini, wakiimba kwa sauti nne kwenye upepo, huku wanawake wakibaki nyumbani wakikata keki na nyama baridi. Watu walimpa Idwal mkono. Hakuna aliyemkwepa. Mchungaji alimwambia, "Umekonda." Beynon Kinyozi alimpeleka dukani akamnyoa bure, akageuza kiti ili Idwal asiione ile picha.

Siku iliyofuata Krismasi, kila mwaka, watu wa mtaa wa juu walicheza na watu wa mtaa wa chini. Wengine walisema mwaka huo iachwe, kwa heshima ya marehemu, lakini jezi za mtaa wa juu ni mama Prosser aliyezishona, na wazee waliona kuzifungia kabatini ndiko kungekuwa kutomheshimu. Emlyn alivaa yake. Idwal alisimama nje ya mstari na suti yake nyeusi ya mazishi, Beynon kando yake kama askari.

"Mikono mfukoni," Beynon alimwambia. "Orodha ya timu ya Wales inatoka baada ya wiki mbili, na jina la Emlyn limo, nimeambiwa na mtu anayejua. Mpira ukija kwako, uache upite. Usiuguse hata kwa kiatu."

"Sijasahau kanuni, Bwana Beynon."

"Najua hujasahau. Naizungumzia mikono yako."

Mpira ulikuja kweli, ukidunda kwenye theluji nyepesi, na Idwal akaruka pembeni kama ameona nyoka. Marged Posta, aliyekuwa akigawa barua za kijiji na habari zilizokuwa ndani yake, aliangua kicheko. "Jamani, Idwal anauogopa mpira. Ndicho wanachomlipia huko?"

Kila mtu alicheka, Idwal naye. Lakini mikono yake mfukoni ilikuwa imejifunga ngumi.

Zilipobaki dakika kumi, mtoto wa Rees aliteguka kifundo cha mguu, akabebwa nje. Mtaa wa juu walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Skramu iliyofuata ilikuwa upande wa kushoto kabisa, hatua nne kutoka pale Idwal aliposimama, na hapakuwa na mtu wa kuutoa mpira. Emlyn aligeuka. Tope lilikuwa limemjaa usoni, macho mekundu kwa siku tatu za kulia mahali watu wasipoona.

Hakupaza sauti. Alisema tu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo, "Idwal. Mama anaita."

Idwal alivua koti. Alilinyoosha pembeni bila kutazama, na Beynon akalipokea, kwa mazoea ya mtu aliyeshika makoti ya wateja maisha yake yote.

Zilikuwa dakika kumi. Mpira ulitoka miguuni mwa wasukumaji wa skramu, Idwal akaufagia kwa mikono miwili kwenda kushoto bila kunyanyua kichwa, na hakuwa na haja ya kunyanyua. Alisikia sauti ya mikono ya Emlyn ikiupokea, kishindo kidogo cha ngozi iliyolowa, sauti aliyokuwa ameitafuta uwanja hadi uwanja kwa miaka minne. Emlyn alipita kati ya mstari na watu kama mtoto anayekimbilia mezani. Alipoutua mpira nyuma ya mstari wa goli alibaki amelala juu yake, na Idwal akaenda akajilaza kando yake, wakacheka na kulia kwenye theluji hadi walipoinuliwa.

Watu walikuwa wameanza kuelewa walichokiona.

Beynon alitazama mikononi mwake. "Nimeshika koti la nani hili?" aliuliza.

Kisha Marged Posta, katika watu wote, akasema, "La binamu yao. Tomos. Yule wa Carmarthen."

"Ndiyo," alisema mzee mmoja. "Binamu Tomos. Nilimwona akishuka kwenye treni."

"Ana miguu kama ya Idwal," mwingine akasema.

"Ukoo ule wote miguu ni hiyo hiyo."

Wakamgeukia mchungaji. Mchungaji alitoa leso, akapangusa macho. "Theluji imeniingia," alisema. "Tangu dakika kumi zilizopita sioni kitu."

Na kijiji kizima kikanyamaza. Watu mia mbili, wenye ndugu kila bonde, wenye midomo inayojulikana. Hakuna aliyesema.

*

Jumamosi ya pili ya Januari, Ravensbeck walikuwa kwenye beseni kubwa la kuogea baada ya mechi, wote kwa pamoja kama viazi, maji yamekuwa meusi. Walter Sugden, mshambuliaji mwenye masikio yaliyovimba, rafiki wa kwanza Idwal kumpata mjini pale, alimrushia povu.

"Wewe umefiwa au umeoa? Wiki mbili unatabasamu peke yako."

Idwal alisema si kitu. Wakamchokoza. Ile furaha ilikuwa imemjaa mpaka shingoni, hakuwa na wa kumpa, na hawa walikuwa rafiki zake, watu wa Kaskazini, ambao kwao mtu kucheza na ndugu yake halikuwa kosa la kuficha. Akawaeleza. Aliwaeleza mstari, theluji, koti, na jinsi alivyorusha bila kutazama. Walimsikiliza, na mwishoni Sugden akasema kwa upole, "Hiyo ni nzuri, Mwelshi."

Sugden alikuwa na shemeji aliyeandika habari za michezo katika gazeti la mji. Alimsimulia, akidhani anamfanyia rafiki yake heshima. Jumanne akaja mbio hadi kwenye yadi ya makaa, gazeti mkononi, anacheka.

"Umo humu. Soma."

Kilikuwa kipande kidogo, chini kabisa ya ukurasa. Idwal alikisoma polepole, kwa sababu Kiingereza cha kuandikwa kilimchukua muda. Kilisema kwamba Prosser wa Ravensbeck anaona pasi bora ya maisha yake hakuitoa hapa, bali kijijini kwao Cwm Helyg siku iliyofuata Krismasi, kwa ndugu yake Emlyn, ambaye wanamtarajia kuichezea Wales dhidi ya Scotland. Alikisoma tena. Masizi ya vidole vyake yalibaki kwenye jina la Emlyn.

"Vipi?" Sugden aliuliza. "Wamekosea jina?"

"Hapana," Idwal alisema. "Hawajakosea kitu."

*

Alipofika Cwm Helyg ilikuwa saa ya zamu ya asubuhi kutoka mgodini. Mlango ulikuwa wazi. Emlyn alikuwa ndani ya beseni la bati mbele ya moto, magoti kidevuni, mweusi kuanzia nywele hadi kiunoni. Gwenllian, ambaye Emlyn alimwoa wiki ile ile jina lake lilipotoka kwenye orodha, alikuwa akimsugua mgongo. Idwal hakuwa amewahi kumwona karibu. Alikuwa msichana mdogo mwenye mikono yenye nguvu.

"Karibu, shemeji," alisema, kisha akatazama chini. "Chai ipo."

"Mwache kwanza," Emlyn alisema. "Asimame hapo nimwone."

Idwal alisimama. Maji yalikuwa yakidondoka.

"Walikuja watatu wa chama cha raga," Emlyn alisema. "Wenye makoti ya manyoya. Wakaweka gazeti pale mezani. Beynon aliapa ni Binamu Tomos, masikini, akaanza hata kuwaeleza Tomos anafanya kazi gani. Wakaniuliza mimi kama ni kweli wewe ulicheza. Nikanyamaza. Wakaniuliza nani alikuita."

"Ukasema nini?"

"Nikasema mimi." Alijimwagia maji kichwani, na mfereji mweupe ukajichora katikati ya uso mweusi. "Maisha. Wamenifungia maisha. Jezi walikuwa wameshaileta, ujue. Ilikuwa kwenye karatasi pale kitandani. Waliichukua na karatasi yake."

Idwal alitazama pale kitandani.

"Kijiji kizima kilinyamaza," Emlyn alisema. "Hata Marged Posta. Marged, kaka. Mwanamke anayesema kipi umekula kabla hujakimeza. Alinyamaza kwa ajili yangu."

"Nilikuwa na furaha," Idwal alisema. "Sikujua pa kuiweka."

"Najua." Sauti ya Emlyn haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulistahimili. "Mimi pia nilikuwa na furaha. Lakini niliinyamazia."

Gwenllian aliacha kusugua. Alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili, kikichuruzika sakafuni.

"Njoo Ravensbeck," Idwal alisema haraka. "Watakuchukua kesho. Tutacheza pamoja kila Jumamosi, mimi na wewe, hakuna atakayeuliza. Nyumba ipo. Shemeji atapata kwaya, kwaya zipo."

"Nikija huko, nitakuwa nimefanya kile walichosema nimefanya."

"Lakini wameshakufungia."

"Nitawaandikia. Kila mwaka unaruhusiwa kuomba. Sijapokea hata senti, wataliona hilo siku moja. Nina miaka ishirini na mbili tu."

Idwal alipiga goti kando ya beseni, akawa sawa naye. Alitaka kumshika bega lakini lilikuwa limelowa povu, na hakuwa na uhakika kama bado anaruhusiwa.

"Nikupe nini?" aliuliza. "Niambie nikupe nini, nitatoa."

Emlyn alimtazama. Kisha akafumba macho, kama mtu aliyeingiwa na sabuni.

"Usije tena hapa," alisema. "Usiniandikie. Wakiona hakuna neno kati yangu na wewe, labda watanirudisha. Nipe hilo."

Idwal alimpa.

*

Alimpa kwa miaka miwili na zaidi. Alhamisi zilipita na kikombe kilibaki kikombe. Sugden aliomba msamaha mara nyingi, mwisho Idwal akamwambia aache, kwa sababu aliyekuwa ameropoka hakuwa Sugden. Alicheza vizuri kuliko zamani. Watu walisema Mwelshi sasa anacheza kama asiyejali mifupa yake, na goti lake la kulia likaanza kuvimba kila Jumapili. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Septemba, ilifika kadi isiyo na jina, kwa mwandiko wa kike. Ya kwanza ilisema: Ameomba. Wamekataa. Ya pili ilisema hivyo hivyo, na chini yake: Anakimbia mlimani kila asubuhi kabla ya zamu ili asinenepe.

Kisha Muungano wa Kaskazini, chama cha raga ya malipo, ukaamua kuunda timu ya Wales ya watu wake wenyewe, ya wale wote waliokwanguliwa kwenye picha, icheze na England. Mechi iliwekwa katika bonde la pili kutoka Cwm Helyg, mwendo wa saa moja kwa miguu ukipita mlimani. Idwal alichaguliwa. Akapewa jezi, na ilikuwa nyekundu.

Aliivaa akiwa ameupa ukuta mgongo, ili wenzake wasione uso wake. Alikuwa amesema, ukiivaa wewe nitakuwa nimeivaa. Hakuwa ameahidi kinyume chake, na sasa aliona kwamba kinyume chake hakikuwa kweli. Ilikuwa nguo tu ya sufu inayowasha shingoni.

Walijaa maelfu ya watu, wengine wamekaa juu ya kuta na mabanda. Upande wa kushoto wa uwanja mlima ulipanda wima, kijani kibichi cha Aprili, na kondoo. Idwal alitafuta kwenye nyuso zilizokuwa kando ya mstari. Alimwona Beynon Kinyozi, aliyekuja na kofia imefunika macho kama mtu aliyekwenda kulewa kijiji cha mbali. Alimwona Marged. Emlyn hakumwona.

Mwenzake wa kupokea mpira siku hiyo alikuwa Gomer Treharne, kijana wa bonde lingine aliyecheza Lancashire, huko huko Kaskazini, hodari, mwenye mbio. Walikuwa wamefanya mazoezi pamoja mara moja. Walikubaliana ishara mbili, zote za kulia.

Zilipobaki dakika chache England walikuwa mbele kwa pointi mbili. Skramu iliwekwa upande wa kushoto kabisa, chini ya ule mlima. Goti la Idwal lilikuwa limekwisha. Aliinama kwa kushika kaptula. Mpira ulikuja miguuni taratibu, umelowa, na alipougusa alinusa tope na kwato za kondoo, na kabla hajafikiri kitu alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mama anaita."

Akaufagia kushoto, bila kunyanyua kichwa.

Haikusikika sauti ya mikono. Treharne alikuwa anakimbia kulia, mahali walipopatana. Mpira ulienda mzuri, umenyooka, kimo cha kifua cha mtu mrefu kiasi, ukapita upenyo mtupu, ukaanguka nje ya mstari kwenye majani, ukabingirika hadi kwenye ua. Kisha watu wakacheka, na wengine wakazomea. "Umemrushia kondoo?" mtu alipaza sauti. Treharne alirudi akishika kiuno. "Ulikuwa unamtafuta nani, bwana?" aliuliza, na alipoona uso wa Idwal hakuuliza tena.

Mechi iliisha hivyo.

Gwenllian alikuwa nje ya lango, amesimama kando ya watu wanaotoka, na kikapu mkononi. Idwal alichechemea hadi kwake, bado na jezi.

"Shemeji," alisema Gwenllian.

"Yuko?"

"Hakuingia. Barua yake bado iko kwao, wamesema watajibu mwezi ujao. Angeonekana kwenye mechi ya Kaskazini..." Alihamisha kikapu mkono wa pili. "Alikuwa pale juu. Tumepita mlimani pamoja, akasema mimi nishuke, yeye atabaki na kondoo. Baadaye nikapanda kumwona, nikamkuta amesimama. Kutoka pale uwanja mzima unaonekana. Husikii kitu, lakini unaona."

Idwal alitazama mlima. Vivuli vya mawingu vilikuwa vikipita juu yake.

"Aliona ile ya mwisho?"

"Aliiona."

"Na yeye alicheka?"

Gwenllian alitikisa kichwa. Akasubiri mpaka kundi la wanaume waliokuwa wakiimba lipite.

"Alipoona umeinama, kabla hujaurusha, alipiga hatua mbili kwenda kushoto. Pale pale mlimani, kati ya kondoo. Sidhani kama alijua." Aliutazama mlima. "Halafu mpira ukaanguka. Akasema, 'Ningekuwa pale.' Akavaa kofia yake akageuka kwenda nyumbani, zamu yake inaanza alfajiri."

Alimwekea mkono kidogo kwenye mkono wa jezi, akaupapasa ule wekundu kwa kidole gumba, kama anayepima kitambaa dukani. Kisha akasema anamfuata, akaondoka, na Idwal akasimama langoni akiutazama ule mlima mpaka kondoo wote wakawa wamehamia upande wa pili.